Wana wa Barzilai Walifika Lambwe

Najua mnaziruka. Msinifiche, ninyi mnaoanza kazi hii ya kuzunguka vijijini mkifundisha wahubiri. Mkifika pale Maandiko yanapoanza kusema wana wa fulani, mia saba na kitu, wana wa fulani, mia mbili na kitu, mnalowesha kidole, mnageuza kurasa mbili kwa mpigo, mnatua panapoanza hadithi. Siwalaumu. Mimi sikuruka, na niliharibu kuliko aliyeruka.

Kazi yenyewe mnaijua. Unapewa kanisa la mabati, ubao mdogo na watu ishirini ambao hawakusomea uhubiri: wakulima, mafundi cherehani, mama wa samaki, na wachimba dhahabu wa Osiri wanaokuja na vumbi jekundu kwenye kope. Unakaa nao Jumatatu mpaka Ijumaa. Kituo chetu kilikuwa Suna, vyumba viwili nyuma ya duka la nguo, na hakikumuuliza mtu anasali siku gani. Tulikuwa na Waadventista, Wakatoliki na wa makanisa ambayo mwanzilishi wake alikuwa bado hai na amekaa kiti cha mbele. Tulifundisha kwa Kiswahili kwa sababu kila darasa lilikuwa na Mkuria mmoja au wawili, na Dholuo ingewaacha nje.

Nilianza miaka ya tisini, nikiwa nimetoka chuo kikuu na digrii ambayo hakuna ofisi iliyoihitaji. Mkuu wa kituo alikuwa Mwalimu Naftali, hedimasta mstaafu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya usaili aliniuliza swali moja.

"Unaamini?"

"Inategemea unauliza kuhusu nini."

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Wa kusema amina nimeshiba nao. Nataka mmoja wa kuuliza kwa nini. Utaanza Jumatatu."

Kwa hiyo niliitwa Mwalimu Kwanini, na jina hilo nililivaa kama tai. Niliuliza kila kitu. Nani aliandika hapa? Alimwandikia nani? Alitaka kupata nini? Nilidhani kuuliza ni kazi ya kukamata watu wakisema uongo, na waliokufa zamani ndio rahisi zaidi kuwakamata kwa sababu hawajibu.

Ndiyo maana niliipenda ile orodha ya waliorudi. Kwa ninyi ambao hamjaifikia: Wayahudi walichukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, wakazaa huko, wakazikana huko. Kisha wakaruhusiwa kurudi Yerusalemu. Orodha inawataja waliorudi nyumba kwa nyumba, makuhani, waimbaji, walinzi wa malango, mpaka ngamia na punda. Imeandikwa mara mbili katika Maandiko, na mara hizo mbili hesabu hazilingani. Tena jumla iliyoandikwa mwishoni ni watu elfu arobaini na mbili na ushee, lakini ukijumlisha nyumba moja moja hufiki hata elfu thelathini na mbili. Nilipoligundua hilo kwa kalamu na karatasi, nilimpelekea Naftali nikiwa natabasamu kama mtu aliyeshika mwizi wa kuku.

Naftali aliitazama karatasi yangu. "Wewe umewahi kuandika orodha ya watu?"

"Ya darasa, ndiyo."

"Ya watu wa nyumbani kwao. Wiki ijayo ukienda, niletee idadi ya watu wa nyumbani kwa kila mwanafunzi wako. Na uniletee jumla ya kijiji kutoka kwa mtu mwingine."

Nilienda. Mtu wa kwanza nilimuuliza ana watoto wangapi, akaniambia, "Wako." Wa pili akanitajia majina saba, kisha mkewe akapita na mtoto mgongoni ambaye hakuwa kwenye yale saba. Wa tatu alinigeuzia swali: "Kwani unataka kuwanunua?" Nilikuwa nimesahau mambo ya kwetu sisi wenyewe. Mtu hahesabu watoto wake kwa sauti, kwa nini awaonyeshe wabaya mahali pa kulenga? Kila nyumba iliacha mmoja au wawili nje ya hesabu kwa makusudi na kwa mapenzi. Jumla ya kijiji nayo niliipata kwa mama aliyepika kwenye mazishi ya wiki iliyotangulia, naye alihesabu sahani, hakuhesabu watu. Niliporudi Suna, nyumba zangu na jumla yangu vilipishana kwa karibu theluthi.

"Sasa wewe ni mwandishi wa Maandiko," Naftali alisema, akarudi kwenye stensili yake. Maana siku hizo masomo tuliyaandika kwa taipu kwenye stensili na kuyapitisha kwenye mashine ya kurudufu, na aliyekosea neno alipaka rangi nyekundu, akasubiri ikauke, akapuliza. Kusubiri huko kulitusaidia. Ulipata nafasi ya kusoma tena ulichoandika kabla hakijaenda kwa watu.

Siku ninayotaka kuwasimulia, sikusoma tena.

Lilikuwa darasa la Lambwe, upande wa Homa Bay. Mwenyekiti wa darasa alikuwa Mzee Elisha, mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye shamba na ng'ombe na daftari la jalada gumu. Nje ya darasa alikuwa pia mwenyekiti wa wazee wa ukoo pale. Kila nilichosema aliandika, na hakuna kitu kinachompendeza kijana mwenye digrii kama mzee anayeandika maneno yake.

Jumanne aliingia mwanafunzi mpya, mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga mbili, mgongo umenyooka. Alipita mbele ya Mzee Elisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Mzuri," alisema Mzee Elisha, na darasa likacheka, kwa sababu hatukuizoea salamu hiyo na kila mtu alifurahi kwamba si yeye aliyeulizwa.

Jina lake lilikuwa Trufena, lakini pale walimwita Nyar Musoma, yaani binti wa Musoma, kwa sababu alikuwa amerudi kutoka upande wa Tanzania. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka, kila neno na mwenzake, mpaka Marwa, mchimba dhahabu wa Kikuria darasani, akaninong'oneza, "Huyu anaongea kama redio. Tukikosa betri tumkalishe kwa meza."

Somo la siku hiyo lilikuwa orodha. Nilikuwa na maelezo yangu ya chuo kikuu, na yalikuwa makali. Nikawaambia orodha hii haikuandikwa ili watu wasome, iliandikwa ili watu wazuiwe. Wenye karatasi ndani, wasio na karatasi nje. Kabla hawajajenga ukuta wa mawe walijenga ukuta wa majina. Mzee Elisha aliandika hilo mara mbili. Kisha nikafika kwenye nyumba ya Barzilai, na hapo nilijiachia.

"Huyu babu yao alikuwa kuhani," nikasema. "Akaoa kwa watu wakubwa, akaacha jina la baba yake, akavaa la ukweni. Siku hizi tungemwita nani?"

"Jadak!" darasa likaitikia. Jadak, kwa ninyi msiojua Dholuo, ni mtu anayeishi kwenye ardhi ya wengine, mara nyingi ya wakwe au ya wajomba. Si tusi, ila hakuna anayejiita hivyo mwenyewe.

"Basi wajukuu wa jadak wamerudi, wanataka cheo cha kuhani. Wametafuta majina yao kwenye vitabu, hakuna. Liwali akawaambia nje."

Marwa aliinua mkono. "Nje wapi, mwalimu?"

"Nje ni nje, Marwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikafuta ubao. Mimi niliyekuwa naitwa Kwanini. Wakati wa chai niliona nafasi ya Trufena iko tupu.

Jumatano asubuhi Mzee Elisha alinisubiri mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Japuonj," alisema, yaani mwalimu, "jana ulitusaidia sana. Ile kesi ya kesho sasa itakuwa fupi."

"Kesi gani, mzee?"

Akanieleza, na ninyi nitawaeleza kwa ufupi. Zamani bonde la Lambwe lilikuwa na mbung'o na ugonjwa wa malale, na watu wengi walihama. Mmoja wao alivuka mpaka, akakaa kwa ndugu za mkewe upande wa Musoma, na kwa miaka akaitwa kwa jina la nyumba yao. Alizaa mtoto wa kiume, Ochieng. Ochieng alimuoa Trufena, wakapata wavulana wawili ambao sasa walikuwa watu wazima. Babu alikufa, Ochieng naye akafa, na kabla hajafa alimwambia mkewe, warudishe watoto nyumbani. Trufena akarudi nao Lambwe na kuomba mahali pa kujenga kwenye ukoo wa baba mkwe wake. Wazee walimuuliza jina la babu. Jina alilolijua lilikuwa lile la ukweni. Hakuna mzee wa Lambwe aliyelikumbuka.

"Na kesho tunakaa tumwambie arudi," Mzee Elisha alisema. "Ilikuwa inanisumbua, kusema kweli. Mama ni mtu mzuri. Lakini wewe umetoa kwa Maandiko. Hayuko kwa kitabu, hayuko. Nimeandika yote." Akapapasa daftari.

Wapendwa, mimi nilikuwa nimewahi kubishana na maprofesa. Sikuwahi kuona neno langu likitoka darasani, likivaa viatu, likienda kumfukuza mjane. Nilikuwa bado nalitazama lile daftari, Trufena mwenyewe akafika, vumbi la njia miguuni.

"Mwanangu," aliniambia, "jana niliondoka kwa hasira, leo nimerudi kwa jambo moja tu. Wale uliowatoa nje. Walilala wapi?"

"Sijui, mama," nikasema.

Lilikuwa jibu langu la kwanza la namna hiyo tangu nianze kazi. "Basi tafuta," akasema, akaingia akakaa mahali pake.

Niliweka maelezo ya chuo kikuu kwenye mfuko. Nikawaambia wote wasimame, wasogeze mabenchi ukutani, nikampa kila mtu nyumba. Wewe ni Paroshi, wewe ni Ara, wewe ni watu wa Bethlehemu. Mzee Elisha nilimfanya liwali, akakaa kwenye kiti cha mbele na hakuhitaji kufundishwa. Nikaanza kusoma taratibu, kidole kwenye mstari, na kila nyumba ikisikia jina lake ilitembea kutoka mlangoni, Babeli, mpaka madhabahuni, Yerusalemu.

Tukaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona nikisoma kwa macho. Mwanzo watu wanatajwa kwa baba zao. Katikati mwandishi anabadilika, anaanza kuwataja kwa miji yao tu. Mama wa samaki aliyekuwa watu wa Bethlehemu alisimama akashangaa. "Kwa hivyo mimi sina babu?"

"Huenda unaye, umemsahau," Marwa akamwambia. "Lakini umekumbuka kwenu. Pita, mama, usizibe njia."

Kisha tukafika kwa nyumba tatu zilizotoka miji ya Babeli bila kuweza kuonyesha kama kweli walikuwa wa Israeli. Marwa alikuwa nyumba ya Nekoda, mojawapo ya hizo. Nikasoma: hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Nikasoma na idadi yao, mia sita na ushee. Marwa alikuwa katikati ya chumba, mguu mmoja mbele.

"Niende wapi sasa?"

Nikasoma mstari uliofuata. Nikausoma tena. Unahusu makuhani. Haukuwa na neno lolote la kumrudisha Marwa.

"Haisemi urudi," nikasema.

"Inasema niende?"

"Imekuhesabu."

"Basi naenda," akasema Marwa, akatembea mpaka madhabahuni, akageuka, akapunga mkono kama mbunge.

Ikabaki nyumba ya Barzilai. Hakuna aliyekuwa amekubali kuishika. Trufena alisimama bila kuitwa. "Hiyo nipe mimi."

Nikasoma kwa sauti ya chini kuliko ya jana. Babu yao alioa, akaitwa kwa jina la ukweni. Walitafuta maandishi yao, hayakuonekana. Kwa hiyo waliondolewa katika ukuhani, na liwali akawaambia wasile vyakula vitakatifu mpaka atokee kuhani mwenye uwezo wa kumuuliza Mungu. Kisha orodha inaendelea, inajumlisha watu, inahesabu punda, na inamalizika kwa kusema watu wakakaa katika miji yao.

Watu wote walimtazama liwali wetu kwenye kiti. Mzee Elisha alikuwa amekunja uso.

"Lakini wamekatazwa," alisema.

"Wamekatazwa ukuhani, mzee. Hawajakatazwa kujenga. Na hata huo ukuhani haukukatazwa milele. Umesimamishwa mpaka apatikane wa kuuliza."

"Kwa hivyo jana ulitudanganya."

"Jana nilisoma nusu."

"Hiyo na kudanganya iko tofauti gani?"

"Si kubwa sana, mzee."

Darasa lilicheka mpaka mabati yakalia. Mzee Elisha hakucheka. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa jana, akanipa kalamu. "Andika hapa kwa mkono yako kwamba umekosea. Weka na sahihi. Mimi sitasumbuliwa na watu wa Suna."

Niliandika. Nikaweka sahihi. Trufena alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, na nilipomrudishia mzee kalamu alipiga hatua zilizobaki mpaka madhabahuni, akasimama kando ya Marwa.

Wiki iliyofuata nilipomsimulia Naftali, nilitegemea anisifu kwa kurekebisha. Hakunisifu. Aliniuliza, "Umejifunza nini kuhusu mwandishi?"

Nikasema sijui kama alikuwa mtu mwema au mtu wa utaratibu tu.

"Hilo hutalijua. Lakini angalia kazi yake. Mtu asiye na karatasi, njia rahisi ni kutomwandika kabisa. Nani angemuuliza? Yeye ameandika kwamba hawakuonekana, ameandika na walikotoka, na wako wangapi. Mpaka leo tunawajua kwa sababu hawakuweza kujieleza."

Nimelitafakari jambo hilo miaka yote tangu siku ile, na bado nina maswali. Bado nadhani orodha ile iliwafaa wenye ardhi. Bado hesabu zake hazilingani. Lakini siku hizi nikiuliza alitaka kupata nini, naongeza swali la pili: ni nini ambacho angeweza kukiacha, na hakukiacha? Ninyi mna simu. Mnaandika Barzilai, linakuja jina peke yake bila majirani zake, na mnafundisha hilo. Nawaomba, wapeni watu nyumba, watembee kutoka mlangoni. Msimalize mpaka mmefika kwa punda. Na mkifika kwa mtu aliyeambiwa nje, kabla ya kufuta ubao, ulizeni nje wapi. Nililipwa mshahara wa kuuliza, na swali hilo lilitoka kwa mchimba dhahabu.

Sasa turudi Alhamisi ile ya kesi.

Wazee walikaa uani kwa Mzee Elisha, saa nne asubuhi, kumi na wawili kwenye viti vya kukunja vya kanisa. Nilialikwa kuwa mwandishi wa kikao. Nadhani walitaka niwe karibu ili nikikosea tena wanione. Trufena alikaa kwenye mkeka na wanawe wawili nyuma yake, vijana wakubwa wenye mashati yaliyopigwa pasi.

Kikao kilianza kwa Dholuo. Lakini Trufena alipopandwa na hasira alihamia Kiswahili, na wazee, kwa kutotaka kuonekana wameshindwa, walimfuata huko kwa shida.

"Wazee wangu," alisema, "mimi sikuja kuomba urithi wa mtu. Nimekuja kumrudisha marehemu nyumbani kupitia watoto wake. Baba mkwe wangu aliondoka hapa kwa sababu ya mbung'o, si kwa sababu ya wizi."

"Wewe mama unasema vizuri," mzee mmoja alijibu, "lakini maneno mzuri haileti jina."

"Jina lilibaki kwa wakwe. Damu yake nayo ilibaki huko?"

Mzee Elisha aliinua mkono. Ninataka mumsikie vizuri, kwa sababu si mtu mbaya na katika hadithi nyingi za namna hii mzee kama yeye hufanywa mbaya. "Nyar Musoma, sikia. Huko ng'ambo kuna watu wengi waliotoka hapa. Wapimaji wa ardhi wanakuja. Nikifungua mlango kwa mtu ambaye sijui babu yake, kesho watakuja wengine na hadithi kama yako, na wengine watakuwa waongo. Vijana wangu watalima wapi? Shamba haizai shamba."

Lilikuwa swali la kweli. Mwana mmoja wa Trufena alianza kukunja mkeka.

"Wacha huo mkeka," Mzee Elisha alimwambia. Akafungua daftari lake. Alitazama ukurasa wenye sahihi yangu kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akawaambia wazee wasogee, wakainamiana vichwa, na kwa muda wa kuchemsha chai walibishana kwa Dholuo ya chini. Mimi niliyekuwa mwandishi sikuandika kitu. Kama wangemrudisha, ningekuwa mimi niliyemfukuza.

Walipoinuka Mzee Elisha alisoma uamuzi, nami nikaandika neno kwa neno. Wana wa Ochieng watapewa mahali pa kujenga, chini ya kilima, upande wa mawe. Wataandikwa kama watu waliorudi ambao nyumba ya babu yao haijajulikana. Kwa sababu hiyo hawatakuwa na neno katika kikao cha wazee kuhusu ardhi, wao wala watoto wao, mpaka atokee mtu anayemkumbuka babu na kumtaja kwa jina lake. Akitokea, ukurasa huu utafutwa.

Wale vijana walitazamana, hawakujua kama wafurahi au wakasirike. Trufena alikuwa amefumba macho. Alipofumbua alinigeukia mimi.

"Mwanangu, nisomee tena. Pole pole."

Nikasoma tena.

"Hao waliokatazwa kusema ni nani?"

"Wana wa Ochieng, mama. Na watoto wao."

"Jina langu umeliandika mahali?"

Nilipitisha kidole kwenye kila mstari, kutoka juu mpaka chini. "Halipo, mama."

"Hakuna mahali?"

"Hakuna."

"Vizuri." Akasimama, akajifunga kanga ya juu vizuri kiunoni, akawageukia wazee kumi na wawili. "Nawashukuru, wazee wangu, Mungu awazidishie. Vijana wangu watanyamaza kama mlivyosema, nimewalea vizuri. Mimi hamkunikataza. Nina maneno matatu kuhusu hiyo ardhi. La kwanza, huko upande wa mawe hata mbuzi anateleza, na upande wa kisima pana nafasi."

Mzee mmoja alianza kukohoa, na kikohozi kikageuka kicheko katikati, kikamshinda. Kikaenda kiti hadi kiti. Mzee Elisha alijitahidi kushikilia uso wake, akashindwa, akaufunika kwa daftari.

"Japuonj," alisema kutoka nyuma ya jalada, "funga hiyo kitabu. Funga haraka, kabla hajafika kwa la pili."

Sikufunga. Niligeuza ukurasa mpya, nikaandika juu yake: Trufena. Chini yake nikaandika: neno la kwanza, upande wa kisima.